Ekseli Mbili

Neno la kwanza nililoweza kulisoma maishani mwangu lilikuwa HAKUNA. Sikufundishwa na mwalimu, maana shule kwetu ilikuwa kitu cha kupitia tu: leo tupo hapa, kesho polisi wameshafika na sisi tumeshahama. Nililisoma kwenye mlango wa baa huko Kent, Uingereza, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa baba. Baba hakujua hata herufi moja. Akaniuliza, "Wameandika nini hapo?" Nikamwambia, "Hakuna Wajipsi." Akasema, "Soma tena polepole, labda wamekosea." Nikasoma tena. Hawakuwa wamekosea.

Tangu siku ile nimesoma mbao nyingi kuliko vitabu. Baadaye nilijisomea na sheria zenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha nikasimama milangoni pa halmashauri na kipaza sauti nikawasomea walewale walioziandika. Kwa hiyo ninaposema kwamba ubaguzi nao umekwenda shule, najua ninachosema. Siku hizi sheria haimruhusu mtu kuandika jina letu kwenye ubao. Basi ubaguzi umejifunza ufundi wa magari. Sasa unaandika: KARAVANI ZA EKSELI MBILI HAZIRUHUSIWI.

Mtu wa nyumba anayekwenda likizo huvuta karavani ndogo ya ekseli moja, gurudumu huku na gurudumu kule. Sisi Wasafiri, ndio hao wanaotuita Wajipsi, ambao karavani ndiyo nyumba yenyewe, hununua ndefu na nzito, ya ekseli mbili. Kila mtu nchini anajua hilo. Anayeagiza ubao anajua, na anayeupaka rangi anajua. Ukiuliza, unaambiwa ni kwa ajili ya nyasi. Sijaona nchi yenye huruma kwa nyasi kama hii.

Tulifika kambi ya karavani ya Mill Hatch, Suffolk, alasiri moja ya Aprili yenye baridi, mvua si mvua, ukungu si ukungu. Mke wangu Mizelli alikuwa kando yangu kwenye pikapu, amejifunga blanketi mpaka kidevuni. Yeye hasomi. Lakini sura ya maneno yale anaijua kama mtu anavyoijua sura ya hakimu aliyewahi kumfunga, na aliyaona kabla yangu, kwenye ubao wa kijani kando ya lango.

"Leander," akasema.

"Nimeona."

"Nisikilize kabla hujashuka."

Mizelli alikuwa na saratani ya titi. Walishamkata kipindi cha baridi kali, na sasa walitaka kumpiga mionzi kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki, kwenye hospitali ya mjini, kuanzia kesho yake asubuhi. Kiwanja chetu kiko mbali, Lincolnshire huko, na mwili ule usingeweza kwenda na kurudi. Hospitali ilimpa chumba katika bweni la wagonjwa. Alikwenda kukitazama, akaona jikoni kuna beseni moja tu, watu wanaoshea humo vikombe na humohumo wanaloweka soksi, akarudi garini bila kusema neno. Kwetu beseni la vyombo ni la vyombo. Likiguswa na nguo linatupwa. Tukapiga simu kambi za karibu, na kila moja ikatuuliza ekseli ngapi kabla ya kutuuliza jina. Mwisho nesi mmoja akachukua simu akapiga mwenyewe kwa sauti yake ya kisomi, na Mill Hatch wakasema karibuni.

"Wakitukataa hapa," Mizelli akasema, "tunageuza gari tunarudi nyumbani. Na nikirudi nyumbani sitoki tena. Wasinitumie barua, wasinitumie gari, wasinitumie mtu."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nimeshasema. Sina nguvu ya lango jingine. Na wewe usiwahutubie."

"Sijafungua mdomo."

"Umeshavuta pumzi ya hotuba. Nimekusikia."

Nikaitoa ile pumzi. Ananijua. Hotuba zangu zimewahi kutushindia kesi, na zimewahi kutulaza barabarani, na mara nyingine zimefanya yote mawili kwa siku moja. Nikashuka garini kama mtu anayekwenda kununua mkate.

Mwenye kambi, Bwana Garrod, alikuwa anakuja na kikombe cha chai mkononi. Ni mtu wa rika langu, na magoti yake ni mabovu kama yangu; nilimjua kwa namna alivyokuwa akishuka kimteremko kile upandeupande. Akanipa mkono. Kisha macho yake yakapita juu ya bega langu, yakahesabu magurudumu, na mkono ukalegea ndani ya wangu.

"Nesi hakuniambia ni ekseli mbili," akasema.

"Ulimuuliza?"

"Sikuuliza. Ubao upo."

"Ubao uko hapa, Bwana Garrod. Nesi yuko hospitali."

Akanywa chai kidogo. "Si mimi, ndugu yangu. Ni sheria za kambi."

"Zimeandikwa na nani?"

"Na mimi."

Alilisema bila haya na bila ujeuri, kama mtu anayetaja kimo chake, na mimi, niliyezoea watu wanaosingizia makao makuu, nikakosa pa kumshika. Nilitazama nyuma. Mizelli alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, macho wazi. Nikakumbuka mkate.

"Mke wangu anaanza matibabu kesho asubuhi," nikasema. "Hatupigi muziki. Hatuna mbwa. Tutalala na kwenda hospitali, basi."

"Nasikitika kusikia hivyo. Kweli nasikitika. Lakini tazama ile kona." Akanyoosha kikombe. Njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, imezama katikati ya nyua mbili za miiba, na lango lilikuwa ubavuni mwake, likitazama pembeni kabisa, nguzo mbili za matofali. "Gari refu kama lako na mzigo huo haliwezi kukata pale. Mwaka jana mtu aling'oa nguzo nzima. Na akishaingia, mapikapu haya yananichimbia uwanja."

"Pikapu itabaki juu barabarani. Karavani ina mota zake za kuisogeza."

"Mota kwenye ekseli mbili haigeuki."

"Inageuka. Haipendi, lakini inageuka."

Akanitazama, akaitazama karavani, akaitazama kona. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kunikatalia ambayo isingemfanya ajione mbaya usiku. Akaipata.

"Haya," akasema. "Iingize bila pikapu kukanyaga nyasi zangu na bila kugusa nguzo, uchukue nafasi ile ya mwisho, chini ya mierebi, mpaka daktari aseme basi. Ukishindwa, naivuta nje kwa trekta na tunaagana vizuri."

"Umesema mbele ya mke wangu."

"Nimesema."

Maisha yangu yote watu wamekuwa wakinipa mitihani kwenye malango yao. Onyesha karatasi. Onyesha choo. Onyesha watoto wanasoma wapi. Sikumbuki mtu yeyote wa nyumba aliyeambiwa aonyeshe kitu ili alale. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtihani huu angalau nilikuwa na vifaa vyake.

Niliivuta karavani mpaka mbele ya lango, nikafunga hendibreki, nikaifungua kwenye ndoano, nikaipandisha pikapu juu barabarani Mizelli akiwa humohumo ndani. Kisha nikarudi na spana, nikapiga magoti kwenye tope. Mota hizi ni mbili, zinakaa chini ya karavani, kila moja na rola ya chuma. Unazungusha spana mpaka rola zinabana tairi na kuziuma. Unalegeza hendibreki. Baada ya hapo unasimama na rimoti mkononi, nayo nyumba yako nzima, vitanda, jiko, vyombo vya kaure vya mama mkwe vilivyofungwa kwenye mablanketi, inatembea yenyewe kwa mwendo wa konokono huku ikinung'unika.

Karavani ya ekseli moja huzunguka papo hapo, kama mtu anayejitazama mgongo kwenye kioo. Ya ekseli mbili ina magurudumu manne, na manne hayajawahi kukubaliana. Mawili yanataka kugeuka, mawili yana msimamo. Nimewahi kuongoza kamati za namna hiyo. Ukiyalazimisha yageuke yakiwa yamesimama, tairi zinakwaruza, rola zinateleza, mota zinanuka kuungua. Dawa yake ni ile ya kamati: usiwaambie unageuza. Unaisogeza mbele kidogo, na katikati ya kusogea unaiibia pembe ndogo. Unairudisha nyuma, unaiiba tena. Ukitazama haraka utasema haijafanya kitu. Ukienda ukarudi, utakuta pua imehama.

Nilikuwa nataka mkia uingie kwanza. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kokoto zilikuwa zikilia chini ya tairi. Bwana Garrod alisimama ndani ya uwanja, upande wa pili wa lango, chai imeshapoa mkononi, macho kwenye nguzo yake ya kushoto kama mtu anayemtazama mtoto karibu na kisima. Mkia ukaingia. Ubavu ukaanza kupita, upana wa kiganja huku, upana wa kiganja kule. Pua sasa ilikuwa imeelekea ua wa miiba ng'ambo ya njia, mahali ambapo gari lisingeweza kukaa mbele yake hata kwa maombi. Hakukuwa na kurudi, na sikutaka kurudi. Nikabonyeza tena. Karavani ikasogea pumzi moja, taa ya rimoti ikapepesa nyekundu, na kila kitu kikanyamaza.

Nikabonyeza. Nikabonyeza. Nikaitikisa rimoti kama kiberiti.

"Imekufa?" akauliza Bwana Garrod.

"Imepumzika."

Nilipanda hadi kwenye pikapu. Mizelli alishusha kioo.

"Nguvu ya betri imekwenda wapi?" nikamuuliza. "Niliichaji jana kutwa."

"Kwenye zulia," akasema.

"Zulia gani?"

"Tulipopumzika kule kando ya barabara. Wewe ulikuwa umesinzia. Nilipitisha ile mashine ya kufyonza vumbi."

"Zulia lote?"

"Na chini ya vitanda. Nilijua tunakwenda kwa watu tusiowajua, Leander. Wangechungulia. Sikutaka wakute hata chembe, halafu waseme."

Mtu aliyekatwa titi, anayepanda ngazi kwa vituo, alishika mashine akafyonza vumbi kando ya barabara kuu, malori yakipita, kwa ajili ya jicho la mtu ambaye hata hakuwa ameomba kuingia. Mtu wa nyumba angefika na makombo yake akalala. Hasira iliyonipanda haikuwa juu yake. Sikuwa na mahali pa kuiweka, kwa hiyo nikaitia mfukoni pamoja na rimoti.

"Umefanya vizuri," nikasema. "Ni safi."

"Imekwama?"

"Iko langoni. Nusu ndani, nusu nje."

Akafumba macho. "Basi turudi nyumbani," akasema taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana alilisema kama mtu anayeshusha mzigo.

Niliporudi chini nilikuta watu wameongezeka. Ndani ya uwanja kulikuwa na gari dogo jeupe limefungiwa karavani ndogo nyeupe, ekseli moja, safi kama yai, limeelekea langoni tayari kutoka, na mbele yake ubavu wa nyumba yangu umeziba kila kitu. Mwenye gari alikuwa ameshuka. Alikuwa bwana mrefu aliyeitwa Clive Threlfall, na mkewe, Gillian, alikuwa bado amekaa ndani na ramani mapajani.

"Samahani," Clive akaniambia kupitia kijilango cha waenda kwa miguu, "hii itachukua muda? Tuna meli Harwich jioni hii."

"Mnakwenda wapi?"

"Uholanzi. Kutazama maua."

"Hayawasubiri?"

"Maua labda. Meli haisubiri."

"Nipeni muda nitoe betri, nikaichaji kwa pikapu."

"Muda gani?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa mpaka meli yake iwe imefika Uholanzi. Nilifikiria kuunganisha waya moja kwa moja, lakini sanduku la betri lilikuwa ubavuni nyuma, upande wa uwanjani, na pikapu ilikuwa juu barabarani. Hakuna waya wa kufika huko.

Bwana Garrod aliweka kikombe juu ya nguzo. "Nilisema ukishindwa," akasema. Hakulisema kwa furaha. "Hawa watu wamelipia meli. Naileta trekta."

"Usiilete."

"Sasa nifanye nini, ndugu yangu? Niambie wewe nifanye nini."

Akatoka kwa kijilango, akavuka njia akiburuza miguu, akaingia bandani ng'ambo, na baada ya kukohoa sana trekta ikawaka. Ilikuwa ya buluu, kuukuu, na mnyororo umeviringishwa nyuma.

Nina jambo na matrekta. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tumeweka mabehewa yetu msituni, Kent, kuna barafu juu ya ndoo za maji. Mama alikuwa amejifungua dada yangu, bado yuko kitandani. Wakaja na trekta na karatasi. Baba akawaambia kuna mzazi humo ndani na jiko linawaka. Wakasema wana karatasi. Wakafunga mnyororo wakavuta. Behewa lilipopanda mzizi, jiko likapinduka. Dada yangu hakupata kitu. Mama aliungua mkono kutoka kiwiko mpaka kidole, akaishi na kovu lile mpaka anazikwa, na kila alipotumiminia chai tulikuwa tunalitazama badala ya kutazama kikombe. Tangu nimekuwa mtu mzima hakuna trekta ya mtu iliyogusa nyumba yangu. Nimelala chini mbele yao. Nimejifunga mnyororo wangu mwenyewe. Nimebebwa miguu na mikono na polisi wanne nikiwa nawasomea kifungu cha sheria.

Kwa hiyo nilisimama kati ya trekta na pua ya karavani, nikavuta pumzi, na safari hii sikuwa na nia ya kuitoa bure.

Hakuna kilichokuja. Nilikuwa na kila neno, tarehe zote, majina ya mahakimu wote, na mdomo umekauka kama unga. Nilimwona Bwana Garrod pale juu ya trekta, koti limelowana, anasubiri niondoke ili amalize shughuli iliyomchosha kama ilivyonichosha mimi. Nikafikiri, kumbe ndivyo inavyokwisha. Si kwa kushindwa. Ni kwa kukosa mate.

Nikasikia mlango wa pikapu ukifungwa.

Mizelli alikuwa anashuka ile njia na blanketi lake, mkono mmoja kwenye ua wa miiba. Hakunitazama. Hakuitazama trekta. Alimpita Bwana Garrod kama mtu anavyompita ng'ombe wa jirani, akafika kwenye mlango wa karavani, ambao ulikuwa bado upande wa nje, karibu na pua. Akavua viatu vyake vyenye tope, akaviweka sambamba chini ya kizingiti. Akaingia. Mlango ukafungwa kwa ndani, kisha mapazia yakavutwa, moja baada ya jingine.

Bwana Garrod alizima injini. "Anafanya nini?"

"Sijui."

"Mwambie atoke."

"Mwambie wewe."

Akashuka, akagonga kwa kidole kimoja. "Mama, samahani. Siwezi kuvuta karavani ikiwa na mtu ndani. Ni kosa kisheria."

Sauti ya Mizelli ikatoka, imechoka, haina ugomvi. "Basi usivute."

"Lakini mmeziba lango."

"Najua, baba. Nimo ndani yake."

"Kuna watu wanataka kutoka."

"Wape chai."

Bwana Garrod akanigeukia. Mimi nikatazama miiba.

"Mama," akaanza tena, "utakaa humo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka asubuhi. Nalala. Kesho nina hospitali."

Nilikaa hapohapo kando ya viatu vyake, kwenye tope. Tangu kipindi cha baridi lile neno lilikuwa langu, la nesi, la binti zetu kwenye simu: Mizelli ana hospitali, mama ana hospitali. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitia mdomoni. Sasa alikuwa amelisema, tena akimwambia mtu baki, ng'ambo ya mlango, kama mtu anayetaja miadi na fundi cherehani.

Tulisikia springi za kitanda zikilia. Halafu kimya.

Clive akaita kutoka upande wa uwanjani. "Jamani, kuna mpango?"

"Mpango ni kwamba amelala," nikasema.

"Amelala? Sasa hivi?"

Gillian alikuwa ameshashuka garini. Nilimwona kupitia kijilango, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua la njano, anamtazama mumewe kwa subira ya miaka.

"Clive," akasema, "sisi hatuna betri?"

"Tuna betri gani?"

"Ile ya kwenye karavani, inayosukuma mota yetu. Ile uliyonieleza habari zake dukani mpaka nikakaa chini."

"Ile ni mpya, Gill."

"Ndiyo maana naiuliza."

"Nikiitoa lazima niiweke tena. Halafu mipangilio ya saa inapotea."

"Clive."

"Nasema tu."

"Kuna mgonjwa amelala langoni, na mimi nataka kuona maua. Toa betri."

Akaitoa. Nilizunguka kwa kijilango, tukapiga magoti wawili kwenye majani, na Clive, ambaye alikuwa mtu mzuri kabisa mara mkewe alipomwelekeza, akashika tochi nilipokuwa nafungua nati. Tulikuwa tunanong'ona bila kuambiana.

"Mlikuwa mnajua hapa hawataki ekseli mbili?" akaninong'oneza.

"Tunajua kila mahali."

"Ni kwa ajili ya nyasi, sivyo?"

Nilimtazama. Alikuwa anauliza kwa moyo safi. Miaka yote alikuwa akipita kando ya ubao ule ule na hakuwahi kusoma maana yake. Kwake haukuwa umemtaja mtu.

"Ndiyo," nikasema. "Nyasi. Nishikie hii waya."

Bwana Garrod alisimama juu yetu. "Huwezi kuiendesha na mtu ndani," akasema, lakini naye ananong'ona.

"Sheria ni ya barabarani," nikamwambia. "Hapa ni kwako."

"Aliyelala usimwamshe," akasema Gillian. "Au utamwamsha wewe, Bwana Garrod? Mlango ule pale."

Aliutazama ule mlango. Akafuta pua kwa mkono. Hakwenda.

Taa ya rimoti ikawaka kijani. Mota hizi zina tabia ya kushtuka zinapoanza. Ukibonyeza kwa pupa, vikombe vinagongana kabatini. Mimi nilikuwa nabonyeza kama mtu anayemgusa mtoto shavu. Pumzi moja, nangoja. Pumzi moja, nangoja. Tairi zikajikunja upande, zikalalamika, zikakubali. Nguzo ya kulia ilipita. Ile ya kushoto ikakaribia mno, na kabla sijasimamisha niliona mkono wa Bwana Garrod umeingia katikati ya matofali na ukuta wa nyumba yangu, kiganja wazi, anapima.

"Kulia kidogo," akanong'ona. "Kidogo. Ngoja. Haya."

Sijui alikuwa anakinga nguzo au karavani. Sikumuuliza, naye labda hakujua.

Tulivuka uwanja kwa mwendo ule wa maziko, watu wanne wazima tukitembea kando ya nyumba iliyofunga mapazia, hakuna anayekohoa. Mahali nilipoigeuza chini ya mierebi, tairi zilichimba mikato miwili mipana, udongo mweusi juu ya nyasi, huwezi kukosa kuiona. Nikafunga hendibreki, kisha nikazilegeza rola. Nikamrudishia Clive betri yake. Gillian aliniachia pakiti ya biskuti juu ya gurudumu, wakaondoka haraka, na sijui kama waliiwahi meli.

Bwana Garrod alibaki ameitazama ile mikato.

"Ubao utabaki pale," akasema.

"Najua utabaki."

"Wakija wengine nitawaambia hivyohivyo."

"Najua. Na mimi siku moja nitarudi kuuzungumzia huo ubao. Si leo."

"Si leo," akakubali, akaenda zake kuchukua reki.

Nilikwenda langoni kuchukua viatu vya mke wangu. Nikavifuta kwa nyasi, nikaviweka chini ya kizingiti kule kwenye mierebi, sambamba kama alivyoviweka. Usiku ule nililala kwenye pikapu, kwa sababu alikuwa amefunga kwa ndani, na sikugonga.

Asubuhi niliposhuka mpaka kwenye mierebi nilikuta birika linalia. Mlango ulikuwa wazi, naye amesimama juu ya ngazi amejifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, akitazama mierebi.

"Tumefikaje huku?" akauliza.

"Unanitania. Ulilala kweli?"

"Mara nilipoweka kichwa."

"Nilidhani umegoma. Nilijua unajifanya."

"Kugoma ni kazi yako. Mimi nilichoka." Akanipa kikombe. Chai ilikuwa nyeusi, kali, kama anavyoipika siku za safari. Aliishusha miguu taratibu, kituo baada ya kituo, akavaa viatu, akanyoosha mkono nimshike. 

"Washa gari," akasema. "Nisije nikabadili nia."